Injini ya Barabara Ilivyoingia Baharini



Katika kitabu kama hiki cha kumbukumbu ya miaka 10 ya umoja wa ushirika, msomaji hutazamia habari za mashamba, maghala, mizani na bei ya mazao. Habari hizo zina nafasi yake, tena nafasi ya mbele. Lakini wakulima wa pwani hawaishi kwa shamba peke yake. Mwenye minazi ana ndugu yake mwenye mashua, na mara nyingi mtu yule yule hulima wakati wa masika na kuvua wakati wa kaskazi. Kwa sababu hiyo si vibaya tukitenga kurasa chache kueleza historia ya kitu kimoja kinachofanya kazi pande zote mbili, yaani injini ya motokaa iliyotolewa barabarani ikatiwa chomboni.

Horohoro yajulikana leo kwa malori. Barabara ya lami ya kilomita 65 kutoka Tanga, iliyojengwa kwa fedha za mkataba wa Millennium Challenge Corporation ya Marekani wa miaka 2008 hadi 2013, hupita katika wilaya ya Mkinga mpaka mpakani, na ng'ambo ya pili ni Lunga Lunga, nchi ya Kenya. Lakini mashariki ya barabara hiyo, mwendo usio mkubwa, iko bahari. Huko ndiko ziliko Moa na Jasini, na kaskazini yake Vanga na Shimoni. Kabla ya lami, bahari ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya wazee wetu. Nazi, mbata, boriti na ng'onda vilikwenda Tanga, Pemba na Mombasa kwa mashua na majahazi, wala mtu hakuona ajabu kwamba njia yake haina vumbi.

Injini ya lori ni mtambo mwema, lakini haiwi injini ya bahari kwa kuhamishwa tu. Hapana budi igeuzwe, na kugeuzwa kuna gharama yake. Historia ya mitambo hii katika pwani yetu ni historia ya watu waliolipa gharama hiyo na watu walioikwepa.

Zama za tanga peke yake

Kwa karne nyingi nahodha wa pwani hii hakuwa na nguvu nyingine ila pepo mbili. Kaskazi, ivumayo tangu Desemba hivi mpaka Machi, ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, ianzayo Aprili au Mei, ikavirudisha kwao. Baharia kutoka Australia, Alan Villiers, alisafiri katika miaka 1938 na 1939 na vyombo vya Waarabu, kutoka Aden mpaka Zanzibar na Rufiji, kisha kurudi mpaka Kuwait. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1940 chaeleza vyombo vikubwa vilivyofanya safari yote hiyo kwa tanga, bila mtambo wowote.

Tanga halinunui mafuta, na hiyo ni sifa kubwa. Lakini lina bei yake nayo ni siku. Mwenye mbata aliweza kungoja upepo kwa siku tatu, kwa kuwa mbata haiozi upesi. Mwenye samaki wabichi hakuweza. Samaki aliyevuliwa usiku akangoja shwari mpaka jioni ya pili hana soko tena, labda akaushwe au atiwe chumvi, na hapo bei yake hushuka. Basi haja ya mtambo haikutokana na watu kupenda mambo mapya. Ilitokana na mazao yasiyoweza kungoja.

Motokaa na motaboti ni ndugu

Wengi hudhani kwamba kutia injini ya gari katika chombo ni werevu wa mafundi wa siku hizi. Sivyo. Mwaka 1886 Mjerumani Gottlieb Daimler, pamoja na mwenziwe Wilhelm Maybach, alitia injini yake ndogo ya petroli katika gari la magurudumu manne. Mwaka ule ule alitia injini ya namna hiyo hiyo katika mashua, akaijaribu katika mto Neckar karibu na mji wa Cannstatt. Yasimuliwa kwamba watu waliogopa petroli kulipuka, naye akafunga nyaya mashuani ili wadhani kuwa yaendeshwa kwa umeme. Hivyo motokaa na motaboti walizaliwa nyumba moja, mwaka mmoja.

Baadaye ndugu hao walitengana. Kiwanda cha Ford huko Marekani kilitengeneza magari ya Model T zaidi ya milioni 15 kati ya mwaka 1908 na 1927, na wingi huo ukaifanya injini ya gari iwe rahisi kuliko mtambo mwingine wowote wa nguvu kiasi hicho. Wakulima wa huko waliitumia kusukuma pampu na mashine za kukoboa, na wavuvi wakaitia katika mashua zao. Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel, alikamilisha mwaka 1897 injini isiyohitaji plagi wala petroli. Kwa muda mrefu injini za dizeli zilikuwa nzito mno, zikafaa viwandani na katika meli kubwa. Ilipofika miaka ya 1920 na 1930 ndipo zilipofanywa nyepesi za kutosha kwa malori. Kampuni ya Perkins, iliyoanzishwa Peterborough, Uingereza, mwaka 1932, ilijulikana kwa injini za namna hiyo, nazo zikauzwa kwa malori, kwa matrekta na kwa vyombo vya bahari pia.

Hapa tuangalie jambo moja. Kiwanda kilipouza injini ya lori kwa kazi ya bahari, hakikuiuza kama ilivyo. Kilibadili pampu, njia ya maji, gia na bomba la moshi, ndipo kikaiita injini ya bahari. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoifanya iwe ghali, na ndiyo ambayo baadaye mafundi wetu walilazimika kuyafanya wenyewe, au kuyaacha.

Injini ilivyofika pwani yetu

Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, wenye vyombo wa Ghuba walianza kutia injini katika vyombo vyao vikubwa, na kufikia miaka ya 1970 vile vinavyokwenda kwa tanga tupu katika safari ndefu vilikuwa vimebaki vichache mno. Mabadiliko hayo yalifika kwetu pia, kidogo kidogo. Si kila chombo kilifaa. Mtepe wa kale, ulioshonwa kwa kamba, haukuishi kuona zama za injini, na hata kama ungaliishi, mtikisiko wa mtambo ungalilegeza mishono yake. Jahazi na mashua, ambazo mbao zake zimepigwa misumari juu ya mataruma imara, ziliweza kustahimili. Jahazi letu lenye tezi la mraba lilipata nafasi ya injini nyuma, na fundi alitoboa fashini ili shafti ipite.

Kwa nini injini ya lori, wala si injini iliyotengenezwa kwa bahari tangu mwanzo? Jibu ni bei na vipuri. Injini ya bahari huagizwa kutoka mbali. Ikivunjika kifaa kimoja, chombo hulala ufukoni mpaka kifaa hicho kifike. Injini ya lori ina ndugu zake katika kila gereji ya Tanga na Mombasa. Kuna fundi aifunguaye akiwa amefumba macho, na pistoni, gasketi na valvu zake zauzwa dukani.

Historia ya nchi yetu nayo iliongeza haja hiyo. Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Kwa watu wa Horohoro, waliozoea kuvuka kwa soko na kwa arusi, ilikuwa miaka mirefu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafula mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikawa adimu sana. Katika hali hiyo hakuna mtambo uliotupwa. Lori likivunjika fremu, injini yake hutafutiwa kazi nyingine. Tangu mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, magari yaliyotumika yaliongezeka nchini. Baadaye yakaja kwa wingi yale ya Japani, na pamoja nayo injini za dizeli zilizotolewa katika magari yaliyokufa.

Wala si sisi tu tuliofanya hivyo. Huko Thailand wavuvi na wachukuzi huiweka injini ya gari au lori juu ya tezi la mashua nyembamba, wakaifunga shafti ndefu inayofika majini, na mtu mmoja huigeuza yote huku na huko badala ya usukani. Penye magari mengi na fedha chache, watu hufikiri namna moja.

Mambo manne: maji, mzigo, msukumo na moto

Sasa tueleze kile ambacho bahari hukidai na barabara haikidai. Mafundi wazoefu wataona kwamba yote yaweza kuwekwa katika mambo manne.

La kwanza ni maji. Injini ya gari hupozwa kwa maji matamu yazungukayo katika rejeta, na upepo wa mwendo huipoza rejeta. Ndani ya jahazi hakuna upepo huo. Fundi mwenye haraka huvuta maji ya bahari na kuyapitisha moja kwa moja ndani ya injini. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi yapata gramu 35. Yakipata moto wa kuzidi nyuzi 60 hivi, huanza kuacha ukoko katika njia za maji, nayo injini ya gari imeundwa kufanya kazi katika nyuzi 80 hadi 90. Kwa hiyo ama injini hupozwa kupita kiasi, isichome mafuta yake vizuri, ama huziba na kupasuka. Chumvi nayo hula chuma na zaidi aluminiamu. Njia iliyo bora ni maji matamu yabaki ndani ya injini, na maji ya bahari yapite nje ya mabomba membamba yenye maji hayo matamu, au mabomba hayo yafungwe chini ya chombo kando ya mkuku. Tena kipande cha zinki kifungwe karibu na shafti, ili bahari ile zinki ambayo ni rahisi, na kuiacha shafti ambayo ni ghali.

La pili ni mzigo. Lori hupanda mlima, kisha hushuka, na katika kushuka injini hupumzika. Injini ya chombo hupanda mlima usio na kilele, kwani maji huisukuma nyuma saa zote. Kwa hiyo injini iliyotoa nguvu farasi 100 barabarani haifai kutakiwa nguvu hizo hizo baharini mchana kutwa. Tena kuna kosa la kununua injini kubwa kwa tamaa ya mwendo. Mashua nzito ambayo sehemu yake iliyomo majini ina urefu wa mita 9 hufikia mwendo wa kilomita 13 hivi kwa saa. Ikitaka kuzidi hapo, huanza kulipanda wimbi lake yenyewe, na mafuta huteketea bure. Hata chini ya mwendo huo, kuongeza kasi mara moja na nusu hutaka nguvu zaidi ya mara tatu.

La tatu ni msukumo. Katika gari, magurudumu ndiyo yasukumayo ardhi, na gia hazisukumwi kwenda mbele wala nyuma. Katika chombo, rafadha, ambayo mabaharia huiita propela, husukuma maji, na nguvu yote ya kukipeleka chombo hurudi kwa njia ya shafti. Pasipowekwa beringi maalumu ya kupokea msukumo huo, hupokelewa na gia ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo, nayo haidumu. Tena propela ya chombo kizito yataka kuzunguka polepole kuliko injini. Injini izungukayo mara 3,000 kwa dakika hufaa kupunguzwa kwa gia mpaka 1,500 au hata 1,000. Kuifunga moja kwa moja ni kukoroga maji bila kwenda.

La nne ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika gari hudondoka chini na kupeperushwa. Katika chombo hudondoka ngamani, ukakaa huko ukingoja cheche ya stata au ya dinamo. Kwa sababu hiyo injini ya dizeli ni salama zaidi kwa chombo kilichofunikwa, na mwenye petroli hana budi kuifungua ngama ipate hewa kabla ya kuwasha. Bomba la moshi nalo, likiwa kavu na limegusa mbao, laweza kukichoma chombo ambacho bahari imeshindwa kukizamisha.

Wazee walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walikuwa hawajaiona injini, lakini methali yao imetimia, kwa maana huko huko ngamani ndiko ikaako injini, na ndiko nahodha anakotakiwa kwenda kutazama kabla ya kutweka.

Mgao wa mapato

Liko jambo jingine ambalo fundi hahusiki nalo, nalo ni mgao. Tangu zamani mapato ya chombo cha uvuvi katika pwani yetu hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la mabaharia. Desturi hutofautiana kati ya bandari na bandari, lakini asili yake ni hiyo. Injini ilipoingia ilidai fungu lake, na kabla ya mafungu yote ikadai mafuta.

Tutoe mfano wa hesabu tu. Tuseme mashua ya tanga imeuza samaki wa shilingi 120,000. Mafungu ni matatu, kila fungu shilingi 40,000, na mabaharia watano hupata shilingi 8,000 kila mmoja. Mashua ile ile ikitiwa injini ikafika mbali zaidi, na kuuza samaki wa shilingi 200,000, watu husema imepata faida. Lakini toa shilingi 60,000 za mafuta na oili. Zimebaki 140,000. Mafungu sasa ni manne, kwa kuwa injini ina mwenyewe: kila fungu shilingi 35,000, na kila baharia hupata 7,000. Samaki wameongezeka kwa shilingi 80,000, na baharia amepungukiwa na 1,000.

Hapo ndipo swali la mwenye injini lipatapo uzito. Ikiwa injini ni ya tajiri mmoja aliyewakopesha wavuvi, fungu hilo latoka kijijini. Ikiwa ni ya chama cha wavuvi wenyewe, fungu hilo lawarudia, ama kwa mgao, ama kwa akiba ya kununulia gia na beringi. Injini ni ile ile, mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni mwenyewe.

Mkondo wa Pemba na tanga la akiba

Kati ya pwani yetu na kisiwa cha Pemba upo mkondo wenye upana wa yapata kilomita 50, wenye kina kirefu sana, na maji yake huelekea kaskazini. Chombo kilichozimika injini katikati yake hakikai mahali pamoja. Huchukuliwa kuelekea Kenya. Nahodha wa zamani alipokosa upepo alijua kungoja, kwa kuwa upepo hurudi. Injini iliyopasuka haijirudii.

Kwa hiyo mabaharia wenye busara waliotia injini hawakuutupa mlingoti. Waliacha foromali na tanga chomboni, hata kama hutwekwa mara chache. Chombo chenye injini na tanga kina njia mbili za kurudi nyumbani. Chenye injini peke yake kina moja. Serikali nayo imeweka wakaguzi. Katika Tanzania Bara, kazi ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini ni ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Wako waonao ukaguzi kuwa usumbufu. Lakini mkaguzi aulizaye habari za ngama, bomba la moshi na maboya aulizia mambo yale yale ambayo mke wa baharia angaliyauliza kama angalijua injini.

Kazi ya ushirika

Tukiyakusanya haya yote, twaona kwamba injini yenyewe si sehemu iliyo ghali zaidi. Ghali ni gia ya kupunguza mzunguko, beringi ya msukumo, mabomba ya kupozea, shafti isiyoliwa na chumvi, na fundi ajuaye kuvilinganisha vyote. Mtu mmoja mwenye fedha kidogo hununua injini kwanza, kisha akakuta mfuko umekwisha. Basi huyaacha yale manne, akatumaini. Hivyo ndivyo vyombo vingi vilivyopata injini na kuipoteza.

Ushirika umewahi kuyatatua mambo ya namna hiyo shambani. Mkulima mmoja hawezi kununua mizani, ghala na lori, chama chaweza. Nchi yetu ilijifunza somo hilo kwa uchungu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu virudishwe, kwa kuwa mkulima alikosa mahali pa kusimama pamoja na wenziwe. Lililo kweli kwa mizani ni kweli kwa injini. Chama chenye mashua kumi chaweza kuchagua aina moja ya injini kwa zote, ili vipuri viwe vya namna moja na fundi awe mmoja. Chaweza kuweka injini ya akiba ghalani, na kuandika katika daftari saa ambazo kila mtambo umefanya kazi, siku oili ilipobadilishwa na siku zinki ilipokwisha. Mambo haya hayataki elimu kubwa. Yataka uaminifu wa katibu na subira ya wanachama.

Kwa viongozi wetu tungeomba jambo moja: lori la umoja litakapochakaa na kuuzwa, injini yake isihesabiwe kuwa chuma chakavu kabla wavuvi wenzetu wa Moa na Jasini hawajaulizwa. Na kwa wavuvi tungeomba wasiipokee mpaka fedha za yale manne ziwe zimewekwa kando. Injini iliyobeba machungwa na nazi za wanachama kwa barabara ya Horohoro yaweza kuwabebea samaki wao kwa miaka mingine mingi, ikiwa itashushwa majini kwa hesabu.